Saada, Mdomo Wangu, Nenda kwa Bi Wanda

Saada mwanangu,

Sikuulizi hali, maana nakusikia hapo juu ya kichwa changu unavyotembea, kutoka kitandani kwenda dirishani, kutoka dirishani kurudi kitandani, na mbao zinalia kila unapogeuka. Hali yako naijua na yangu unaijua. Salamu ndefu ni za watu waliokwisha kuwa mbali, na sisi bado tumetenganishwa na dari tu.

Niko jikoni. Madame amemaliza supu yake na amesinzia kwenye kiti mbele ya televisheni. Nimepata nafasi. Utanivumilia mwandiko. Mimi niliishia darasa la sita pale Buyenzi, lakini mwalimu alisema mwandiko wangu ni wa kwanza kwa wasichana wote wa Bujumbura, na kwa wavulana unashindwa na mmoja tu, na huyo baba yake alikuwa karani wa bandari, kwa hiyo hahesabiki.

Mambo ya sweta, dawa ya kifua na namna ya kupika wali bila kuunguza tumekwisha kuyasema mpaka umeziba masikio. Hayo nayaacha. Nataka tuzungumze habari ya sanduku.

Jana nimepanda ngazi kukuletea chai, nikakuta sanduku liko wazi kitandani, tupu, na nguo zote umezirudisha kabatini, umezikunja vizuri kama za dukani. Nikakuuliza, "Kulikoni?" Ukasema, "Siendi, mama." Nikasema, "Ndege ni keshokutwa." Ukasema, "Itakwenda bila mimi. Nikikuacha humu ndani utazikwa humu ndani. Nani atakusemea?"

Nikakosa jibu. Mimi! Mama Saada, ambaye wauza ndagala, dagaa wa kwetu, sokoni Bujumbura walikuwa wakiniona tu wananipunguzia bei kabla sijafungua kinywa, ili nisikifungue. Nimeteremka na chai yako mkononi, nikainywa mwenyewe jikoni, na tangu hapo nalitafuta jibu. Nadhani nimelipata, lakini ni refu, ndiyo maana naliandika. Nikilisema utanikatiza.

Linaanzia kwa Bi Wanda. Najua utasema, "Mama, mimi nilikuwepo." Ulikuwepo, ndiyo, lakini ulikuwa unatafsiri, ukigeuza Kiingereza chake kuwa Kiswahili. Mtu anayetafsiri hasikii, maneno yanampitia kama maji bombani. Mimi ndiye niliyekaa pembeni nikisikia. Basi acha nikusimulie mambo ambayo mdomo wako wenyewe ndio ulioniambia.

Monsieur Luc, mtoto pekee wa Madame, yule profesa wa lugha, ndiye aliyepiga simu. Alisema kuna mgeni anakuja kwenye mkutano wa watu wenye lugha ndogo, mwanasiasa, mjumbe wa baraza la watu wake, na atalala hapa kwetu Ubelgiji, Koekelberg, siku chache kwa sababu nyumba ni kubwa na mama yake hana watu. "Une dame indienne," akasema. Bon. Kifaransa changu ni cha jikoni na cha sokoni, lakini hilo neno nalijua. Mhindi. Na Wahindi mimi nimekua nao. Mke wa mwenye duka la vitambaa kule nyumbani ndiye aliyenifundisha kukaanga bizari mpaka ipige chafya yenyewe.

Nikapanda metro mpaka Porte de Namur, nikaingia Matonge, mtaa wa sisi Waafrika, nikazunguka maduka yote. Dengu, bamia, kotmiri, bizari nzima. Nikamwambia Madame kwamba kuanzia leo nyama ya ng'ombe haiingii katika nyumba hii mpaka mgeni aondoke, ni matusi kwa dini yake. Madame akapiga meza. "Nyama! Leta nyama!" Nikamwambia, "Bado, Madame." Jibu hilo alinifundisha yeye, kila nilipomwomba ruhusa.

Kengele ikalia. Nikafungua mlango na kitenge changu cha bluu, nikamwona mwanamke mrefu, mnene, suruali ya jinsi, mabuti miguuni, msuko mmoja mzito mgongoni, nusu mweusi nusu mweupe. Nikamwambia kwa sauti kubwa, "Kem cho!" Kigujarati changu chote kiko hapo. Yeye akajibu, "Osiyo!" Nikajisemea, aa, huyu ni Mhindi wa upande mwingine.

Alikula dengu. Akala bamia. Akala chapati nne, na nani angeacha, chapati zangu zinafunuka kama kitabu. Mwishowe akauliza kwa upole kama kuna mgonjwa wa tumbo katika nyumba, mbona nyama haionekani. Nikakwambia umweleze heshima niliyomfanyia. Ukaanza kueleza, katikati ukaelewa mwenyewe, ukaweka kichwa mezani ukacheka mpaka Madame akauliza nani amekufa. Ukaniambia, "Mama, huyu si Mhindi wa Bujumbura. Ni wale wa Amerika. Wale waliokuwepo kabla."

Nilitaka ardhi inimeze na sufuria zangu. Lakini yeye akanishika mkono. Akasema nisione haya, kosa hilo si langu, alilianzisha msafiri mmoja aliyepotea njia baharini akadhani amefika kwingine, na hakuna aliyemsahihisha mpaka leo. "Wewe angalau," akasema, "umekosea ukiwa umepika."

Jina lake ndilo hilo, Wanda. Nikakunong'oneza, "Na kweli kawanda, kanenepa." Ukanikanyaga mguu. Akataka kujua nimesema nini, ukamwambia nimesema ni jina zuri. Unadhani sikujua ulivyogeuza?

Halafu akanusa. Akauliza kile kisufuria cha pembeni kina nini. Ulikuwa ugali wangu mwenyewe, chakula cha mpishi, sikutaka kuuonyesha. Akaomba. Akakata tonge kwa mkono kama mtu wa kwetu, akafumba macho. "Selu," akasema. Ndilo jina la mahindi kwao. Akauliza sisi tunayaitaje. Nikasema mahindi. "Na mimi uliniitaje?" Mhindi. Ulipomwekea maneno hayo mawili pamoja, mhindi na mahindi, alishika ukingo wa meza, akacheka bila sauti, machozi yakamtoka. Akasema kote alikopita dunia wamewanyang'anya mahindi na jina lake, ila kwetu Waswahili, kwa makosa tu, mahindi bado ni yao. Na mimi nikaanza kulitangaza hilo Matonge nzima kama nililipanga.

Alikuwa anaamka mapema kama mimi, anashuka jikoni na soksi, anamenya viazi bila kuombwa. Pale ndipo tulipojua maisha yake.

Watu wake ni Wacheroki. Zamani walikaa mashariki ya nchi ile, kwenye milima, wakafukuzwa na askari, wakatembezwa kwa miguu mpaka Oklahoma, wakizikana njiani. Walikofika wakajenga upya, mahakama yao, shule zao, gazeti kwa herufi walizozibuni wenyewe. Kisha serikali kubwa ikawazunguka pande zote na kuwavunjia kila kitu. Kwa miaka mingi aliyewachagulia chifu ni rais wa Amerika, na mara nyingine alikuwa chifu wa siku moja. Anaitwa asubuhi atie sahihi karatasi, jioni si chifu tena. Nilicheka hapo, nikasema machifu wa kuwekwa hata sisi tulikuwa nao, ila wetu walikaa mpaka wakanenepa. Ni juzi tu, Bi Wanda akiwa tayari mama wa watoto, ndipo walipopiga kura wenyewe tena.

Bibi yake hakujua Kiingereza. Wanda alikuwa mtoto wa shule, na kila mahali ni yeye aliyempeleka bibi, ofisini, dukani, kwa daktari. Karani anauliza, Wanda anamgeuzia bibi, bibi anajibu, Wanda anamwambia karani. Anasema shamba ni la baba yake. Anasema hataki kutia sahihi. Anasema miguu inamuuma. Alikua hivyo. Bibi alipofariki, yeye alikuwa mwanamke mzima mwenye watoto, na bado alikuwa mtu wa "anasema".

Siku alipogombea ujumbe wa baraza mara ya kwanza, watu wa upande wake wakajaa katika ukumbi wa kanisa. Alikuwa amejiandaa, amevaa vizuri. Akasimama, akafungua kinywa, na neno la kwanza lililotoka lilikuwa "Anasema..." Akatazama pembeni yake. Bibi hakuwepo. Watu wakaanza kugeuka nyuma wakimtafuta huyo anayetafsiriwa. Mzee mmoja akapaza sauti, "Nani?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na uchaguzi ukaishia hapohapo. Hata kaka yake alimpigia kura mtu mwingine, tena akaja nyumbani kumwambia.

Ulipofika hapo, Saada, ulisita. Bi Wanda alishamaliza sentensi yake, na wewe umekaa na kisu na kiazi. Kisha ukaniambia, "Anasema neno la kwanza lilikuwa 'anasema'." Ukasikia ulichosema. Ukaangalia kiazi. Na Bi Wanda, ambaye hajui hata neno moja la Kiswahili nje ya mahindi, akakutazama wewe, hakunitazama mimi. Nadhani ni dakika ile alipoamua kukuita ukafanye kazi kwao.

Aligombea tena, akashinda. Watu walimtaka awaletee barabara za lami na alizitafuta hizo barabara. Lakini jambo alilowachosha nalo wenzake barazani lilikuwa moja, kwamba katika zahanati za watu wake mtoto asitafsiri tena. Awepo mtu mzima aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, anayezijua lugha zote mbili, ili mjukuu asiwe yeye wa kumwambia bibi yake kwamba anakufa. Wenzake wakamwambia ni anasa, watoto wapo, na hawadai mshahara. Wakamnyima kura. Akarudi. Wakamnyima. Akarudi. Walipokubali, dada yake akataka ile kazi ya kwanza apewe binti yake, ambaye Kicheroki chake kilikuwa cha salamu tu. Wanda akakataa. Binti yule alipoolewa, harusi ilikuwa nyumba ya jirani, na yeye aliusikia muziki akiwa anaosha vyombo, hakualikwa.

Nilimuuliza mbona hakuiacha siasa. Akashangaa. "Niende wapi? Kila mtu kule ni binamu yangu. Siwezi kununua mkate bila kuulizwa habari ya daraja. Nimefungwa nao." Akachukua kiazi kingine. "Lakini humo nilimofungwa, sasa ninayesema ni mimi."

Basi nami nikuambie nilimofungwa, ingawa umeishi humo pamoja nami.

Ulikuwa na miaka tisa Madame alipotutoa Bujumbura. Mumewe alikuwa amekwisha kufa, baba yako pia, na yeye alikuwa anarudi kwao Ubelgiji kuzeeka. Akasema, "Kuja na mimi." Nikaja. Watu wa Buyenzi waliposikia nakwenda Ulaya walinisindikiza kama bibi harusi, na nilijidai, sikatai, nilivaa viatu vya juu ndani ya ndege na miguu ikavimba. Nilipofika ndipo nilipoelewa kwamba kibali changu kina jina la Madame. Nikitoka kwake, kibali kinakufa. Nilijipa moyo kwamba nikichoka nitarudi nyumbani, mpaka vita vikaja, na mtaa niliotaka kurudi nikauona hapohapo kwenye televisheni ya Madame, nikatambua ukuta wa shule yangu. Nyuma hakuna, mbele hakuna. Kuna dirisha la jikoni na kuba la kijani la basilika, lile kanisa kubwa, kila asubuhi palepale. Watalii wanakuja kulipiga picha. Mimi nikiota naota linasogea.

Na Madame si mtu mbaya, usije ukaenda kumsema vibaya huko. Ni kwamba Kiswahili chake chote ni amri. Leta, toa, ngoja, pika, kimbia. Siku ile mezani aliposema "Leta maji!", Bi Wanda akauliza hiyo ni lugha gani, tamu hivyo, na mtu akitaka kuomba katika lugha hiyo anasemaje. Ukamgeuzia Madame swali. Madame akafungua kinywa, akatafuta, akatafuta, macho yakimzunguka kama mtoto mbele ya mwalimu. Hakupata. Nilimhurumia. Nikaenda nikaleta maji.

Sasa nisikilize, mwanangu, hapa ndipo penye jibu lako.

Wewe unauliza nani atanisemea. Ulianza kunisemea ukiwa na miaka tisa, posta, shuleni kwako, komini kwenye ofisi za serikali ya mtaa, kwa fundi wa bomba. Na mimi nilijisifu! Kila Jumapili mchana, ile ruhusa yangu, nakwenda Matonge kukaa kwenye saluni ya Maman Fifi, nawaambia wanawake wote, binti yangu anazungumza na wakubwa wa komini, binti yangu anazungumza na madaktari, Kifaransa chake kinateleza kama sabuni. Wenzangu walijifunza. Walikosea, wakachekwa, wakakosea tena, wakajua. Mimi sikuwa na haja. Mimi nilikuwa na Saada.

Ulikuwa na miaka kumi na moja siku ile kwa daktari. Alisema maneno mengi, akachora duara kwenye karatasi, akaweka kalamu katikati. Ukaniambia, "Anasema upumzike, halafu watakutoa kitu kidogo." Kitu kidogo! Mimi nimezaa, Saada. Najua kinachokaa mahali pale. Niliuona uso wa daktari, na nikauona wako, ulivyokazana usitikisike. Nikasema, "Mwambie ahsante." Ukamwambia. Kwenye tramu ulinishika mkono kama vile mtoto ni mimi. Nilijua lote. Nilijua kabla hatujatoka chumbani mle kwamba sitazaa tena. Lakini nilijifanya nimeamini, kwa sababu hivyo wewe ndiye uliyelibeba na mimi sikubeba kitu. Na sijawahi kukuambia mpaka hivi ninapoandika.

Ndiyo maana Bi Wanda aliposema habari za zahanati zake nilinyanyuka kwenda kuangalia oveni. Ndani ya oveni hamkuwa na kitu.

Na mwaka jana ulipokwenda kuomba ile kazi ya ofisini, yule bibi aliyekusaili akakuuliza wewe mwenyewe unapenda kufanya nini maishani, ukamjibu, "Mama anasema..." Ulirudi ukinisimulia kwa kicheko. Nilicheka na wewe. Kisha nikaenda kutupa taka ambazo zilikuwa zimetupwa tayari.

Sasa, wanawake wa Jumapili. Kuna kumi na kitu, Wakongo, Warundi, Mnyarwanda mmoja, wote kazi za ndani. Wanataka mtu wa kwenda komini kuwasemea habari ya vibali na siku ya mapumziko. Tangu mwaka juzi wananitaka mimi, na wana haki, nani mwingine ana kifua. Kila mara nimesema, "Saada atakuja tuandike naye." Maman Fifi, ambaye anasuka huku anasema na kusema kwake ndiko kunakoendesha vidole, alinitolea macho kwenye kioo. "Saada, Saada! Siku mutoto ataolewa utasema na nini, maman? Na mukono?"

Nilipowaambia unakwenda kufanya kazi katika ofisi ya baraza la Wacheroki, mchana kazi na jioni chuo, wakashika vichwa. Fifi akasema, "Alors, anaenda kwa Wahindi? Atarudi na manyoya ya kuku kichwani!" Nikamwambia, "Wewe na hizo nywele ulizobandika, unajua zimetoka kichwa cha nani? Mhindi uko naye wewe, maman, tena umemvaa." Saluni ilipasuka kwa kicheko. Hata yule mteja aliyekuwa chini ya mashine alitoka kuuliza kumetokea nini. Halafu mmoja akauliza kwa dharau, eti baraza hilo ni la serikali gani. Nikasema, ya watu waliokuwa na serikali yao Amerika haijazaliwa. Nilikunywa fanta yangu.

Na Jumapili ileile nimewaambia ndiyo. Nitakwenda komini. Sikukuambia kwa sababu ungekuja. Kifaransa changu kimevunjikavunjika, najua, nachanganya vya kike na vya kiume, nasema "le table" na "la soleil" na yule karani kijana wa dirishani atatabasamu. Atabasamu. Nimeshaitengeneza sentensi ya kwanza, nimeifanyia mazoezi mbele ya friji, na haina jina lako ndani.

Unaona? Ukibaki, sitakwenda. Najijua. Utasimama karibu yangu, nitachoka katikati ya neno, nitakugeukia, na utasema, "Anasema..." Utakuwa na miaka arobaini, umesimama pale dirishani na nywele nyeupe, ukisema mimi naumwa miguu. Unasema ukibaki utatafuta kazi unitoe humu. Utanitoa uniweke wapi? Tutakuwa wawili tulioshikana, kila mmoja akidhani anamshikilia mwenzake asianguke.

Sikutumi ukawe mtu mkubwa. Wakubwa nimewaona, nimewaoshea vikombe. Bi Wanda mwenyewe alinionya, anasema usidhani ni mahali pa raha, upepo ni mkali, kila mtu anajua habari zako kabla yako, na wapo watakaokuuliza kila siku wewe mweusi unatafuta nini kwao. Wajibu kwa maneno yako. Hata kama ni mabaya. Hata kama si yale ambayo mimi ningesema, na mengi hayatakuwa, kwa sababu mimi ningesema vizuri zaidi.

Nimebakiza jambo moja.

Unajua Madame anafunga mlango wa chini kila jioni, na ufunguo analala nao kwenye mfuko wa gauni lake, tangu pale alipoanza kuwaogopa wezi ambao hakuna aliyewahi kuwaona. Na haamki mpaka jua limetoka. Gari lako la kwenda uwanja wa ndege linakuja alfajiri. Kila tulipotaka kutoka mapema ni wewe uliyekwenda kumbembeleza. Leo mchana, ulipokwenda dukani kununua betri ambazo hukuzihitaji, nimekwenda mimi. Nimesimama mbele yake nikauomba ufunguo wa kesho mapema, "Madame. Demain, très tôt. La clé, s'il vous plaît."

Akanitazama muda mrefu. Akaushika mfuko wa gauni. Akaniuliza kama na mimi pia naondoka, "Et toi? Toi aussi, tu pars?"

Nikasema, "Non, Madame. Moi, je reste."

Hakuna aliyenitafsiria. Nililisikia neno likitoka kwangu na kunirudia, na lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, kwa sababu ni kweli. Nabaki. Kwa sababu ya kibali, ndiyo, na kwa sababu ya vita, na pia kwa sababu mwanamke huyu akianguka bafuni hakuna mwingine wa kumwinua. Akauingiza mkono mfukoni, akautoa ufunguo, akaniwekea kiganjani, kisha akakikunja kiganja changu kwa vidole vyake mwenyewe, kimoja kimoja.

Kwa hiyo ufunguo ninao mimi. Ni mara ya kwanza tangu tuje. Naweza kuufungua mlango huu saa yoyote nipendayo, na sina pa kwenda. Wewe unapo.

Barua hii naipitisha chini ya mlango wako. Ukimaliza kuisoma, toa nguo kabatini uzirudishe sandukuni. Usishuke kuniuliza chochote, kama kuna herufi hukuisoma ikisie. Alfajiri nitakufungulia. Tutaagana ndani, hapo kwenye zulia, nikusomee dua, nikubusu. Nje sitoki, kwa sababu nikifika kwenye gari nitaingia. Ukishavuka kizingiti nitafunga, na utausikia ufunguo ukizunguka. Ukigeuka ukagonga, ujue niko palepale upande wa pili, nimesimama, nakusikia, na sitafungua.

Mama yako,
Mwamini